Watu Aliowafungulia Lokule

Baba yake Jalia alikuwa askari, na babu yake pia. Nyumbani kwao Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, Kiswahili kilizungumzwa kama kilivyotoka kambini: kwa sauti kubwa, kwa maneno machache, bila mapambo. Wasichana wenzake wa mtaani walijifunza kushona, wengine wakatandaza vitenge sokoni. Jalia alipomaliza shule alisema anataka kazi ya ulinzi. Mama yake alicheka. Baba yake hakucheka. Alimtazama binti yake kutoka kichwani mpaka miguuni, kama anayekagua gwaride, akasema, "Kama unataka, enda. Lakini ukisimama, usimame kweli."

Basi alisimama. Alilinda benki mjini Arua, kisha akalinda maghala ya chakula cha wakimbizi, na baada ya miaka michache kampuni moja ya ulinzi ikamchukua kwenda nje. Watu wa West Nile wanaijua njia hiyo. Ni vigumu kukuta kijiji kisichokuwa na mtu aliyewahi kushika lindo mbele ya jengo la wageni, katika nchi ambayo wazazi wake hawawezi kuitamka. Jalia alipelekwa kwenye mji mmoja wa jangwani, kwenye ubalozi wa nchi moja ya Ulaya. Kazi yake ilikuwa kupekua wanawake waliokuja kuomba viza. Alipekua mikoba, akapapasa mabuibui, akafungua nepi za watoto wachanga, na jioni alinuka manukato ya watu asiowajua.

Aliyesimama naye langoni alikuwa Lokule, kijana wa Midia. Midia haiko mbali na mji wa Koboko, lakini wawili hao walikuwa hawajawahi kuonana mpaka walipokutana jangwani wakiwa wamevaa sare moja. Lokule alikuwa mrefu, mzito wa mwili, na mwepesi wa kuzoeana na watu. Alijifunza salamu za wenyeji mapema kuliko walinzi wote. Mbele ya ubalozi kulikuwa na mwanamke mzee aliyewauzia chai watu wa foleni. Lokule alimwita mama, naye akawa anamwekea kikombe cha mwisho chenye sukari nyingi. Jalia alikuwa akimgombeza. Alimwambia lango si mahali pa kutafuta ndugu. Lokule alijibu kwamba ndugu hawatafutwi, wanakuja wenyewe, na akaendelea kunywa chai yake.

Milio ya risasi ilianza asubuhi moja wakati foleni ilikuwa imejaa. Ilitokea mwisho wa barabara, ikawa inakaribia. Amri ilikuwa wazi, nao walikuwa wameifanyia mazoezi: kukiwa na risasi, milango yote inafungwa, na asiye ndani haingii. Lokule alifunga lango la magari kama alivyofundishwa. Kisha watu wa foleni wakajitupa kwenye mlango mdogo wa waenda kwa miguu, wakaupiga kwa viganja, kwa viatu, kwa vichwa. Kilio cha mtoto kilisikika kupitia chuma. Lokule aligeuka akamtazama Jalia. Kisha akavuta komeo.

Waliingia kwa kuangukiana. Waliingia wanawake, akaingia baba mmoja amembeba mtoto begani, akaingia muuza chai bila viatu. Na nyuma yao, kabla Lokule hajausukuma mlango urudi, wakaingia wanaume wawili wenye bunduki. Lokule aliuegemeza mwili wake wote kwenye mlango ule kuwazuia washambuliaji waliobaki nje. Alipigwa risasi pale pale. Bomu la mkono lilimrusha Jalia ndani ya kibanda chake cha upekuzi, na kibanda kikamwangukia. Askari wa nchi ile walipofika na kuwaua washambuliaji, wafanyakazi wawili wa ubalozi walikuwa wamekwisha kufa.

Jalia alizinduka hospitalini. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa kabisa, na la kulia lilivuma kama mashine ya kusaga. Mikono yake ilikuwa imefungwa bendeji. Akiwa bado na dawa za usingizi kichwani, mwanamume mmoja wa ubalozi alikuja na simu, akaiweka karibu na shavu lake. Ndani ya simu kulikuwa na mkalimani, mtu wa mbali, Kiswahili chake cha aina nyingine.

"Nani aliufungua mlango?" sauti iliuliza.

"Lokule," Jalia alisema. "Lokule alifungulia watu."

Yule mwanamume aliandika, akashukuru, akaondoka. Baada ya majuma machache Jalia alirudishwa Uganda.

Hakutaka kukaa nyumbani kuhurumiwa. Alipata kazi Oraba, mpakani, kwa wakala wa forodha, kukagua mizigo ya malori kabla hayajavuka kwenda Kaya, upande wa Sudan Kusini. Alizoea kumgeuzia kila mtu sikio la kulia. Madereva wa Sudan Kusini walimwita Afande, nusu kwa utani. Kwa muda alidhani maisha yamekwisha kutulia.

Kisha redio ya Arua ikatangaza. Serikali yenye ubalozi ule ilikuwa imetoa taarifa ya awali. Ilisema uchunguzi unaendelea, ila kuna dalili kwamba mlinzi mmoja raia wa Uganda aliwafungulia mlango washambuliaji. Mtangazaji aliongeza yeye mwenyewe kwamba mlinzi huyo alikuwa kijana wa Koboko. Kufikia siku ya soko, neno "dalili" lilikuwa limepotea njiani. Watu walisema Lokule aliuza lango. Walimpitia mama yake shambani wakamuuliza nyumba ya mabati itaanza kujengwa lini.

Jalia aliyasikia hayo kutoka kwa dereva aliyekuwa akisubiri kugongewa muhuri. Siku hiyo hiyo alipanda boda mpaka Midia.

Mama Paska, mama yake Lokule, alikuwa akipalilia mihogo. Aliposikia jina la mgeni aliweka jembe chini, akajifuta mikono kwa khanga, akampeleka kivulini nyuma ya jiko. Alikuwa mwanamke mwembamba, mtu wa kanisani, mjane tangu Lokule akiwa mdogo. Hakuzunguka.

"Ulikuwa pale?"

"Nilikuwa, mama."

"Mtoto yangu aliuza watu?"

"Hapana. Hakuuza mutu."

"Alifungua mlango?"

Jalia alikuwa amejiandaa kwa maswali mengine yote isipokuwa hilo. Lakini alilijibu. Alimweleza kila kitu kama kilivyotokea, pamoja na kilio cha mtoto, pamoja na jinsi Lokule alivyomtazama kabla ya kuvuta komeo, pamoja na wale wawili walioingia nyuma. Mama Paska alisikiliza ameinamisha kichwa. Jalia alipomaliza, alimshika mkono kwa nguvu.

"Wewe ndiye shahidi," alisema. "Enda kwa hao wazungu. Sema mlango ulivunjwa. Sema hakufungua. Nani atajua?"

"Kamera ya ndani iko, mama. Itaonyesha mkono yake kwa komeo."

"Basi sema hukuona vizuri."

"Nikidanganya kitu moja, hata ile kweli wataitupa. Watasema huyu ni dada yake, anamfichia. Mimi nitaenda, mama. Nitawatafuta mpaka wanisikie. Lakini nitasema alifungua, na nitasema alifungulia nani."

Mama Paska aliuachia mkono wake. "Huko si kumsaidia," alisema, akarudi kwenye mihogo yake bila kuaga.

Jalia alirudi Oraba na uchungu wa maneno yale, lakini hakubadili nia. Tatizo lilikuwa hajui aanzie wapi. Aliuliza kwa maofisa wa wilaya, wakamwambia mambo ya balozi ni ya Kampala. Aliuliza polisi, wakamwambia hakuna kesi Koboko. Mwishoni karani mmoja alimtajia mwanasheria wa Arua anayeitwa Suzan, mama wa makamo ambaye ofisi yake ilikuwa juu ya duka la vipuri vya pikipiki.

Suzan alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Unajua ni nani hasa anayechunguza?"

"Serikali."

"Serikali ipi, dada? Pale kuna watu watatu wanaochunguza jambo moja, kila mmoja kwa sababu zake. Polisi wa nchi ile wanatafuta wahalifu na waliowatuma. Ardhi ni yao, na kulinda ubalozi wa mgeni ni wajibu wao, kwa hiyo hawatapenda kusema walishindwa. Kampuni yako inachunguza ili ijilinde yenyewe. Wa tatu ni nchi yenye ubalozi. Imeunda jopo. Jopo halimfungi mtu. Linauliza ilikuwaje, nani alijua hatari, nani alipaswa kuzuia na hakuzuia. Hao ndio wako."

"Niwapigie simu."

"Unaweza, lakini simu haitoshi. Maneno yako ya hospitalini wanayo tayari. Kwa macho yao wewe umekwisha kuhojiwa. Tuwaambie ulihojiwa ukiwa huna masikio wala akili timamu, na kwamba unataka kurekebisha. Halafu wao hawawezi kuja Arua kama watalii wakaanza kuhoji watu. Hii ni Uganda. Lazima waombe kwa wizara yetu ya mambo ya nje, na ofisa wetu akae chumbani. Itachukua muda."

"Nina muda," alisema Jalia.

Ilichukua muda kweli. Jibu la kwanza lilisema maelezo ya shahidi yamekwisha kupokelewa. Suzan aliandika tena. Jibu la pili lilisema jopo linaweza kumhoji kwa video. Jalia alikataa. Alisema mara ya kwanza alihojiwa na sauti ndani ya simu, na matokeo yake ni haya. Safari hii anataka kuona nyuso za watu, na anataka mkalimani anayekijua Kiswahili cha Koboko. Suzan alimwonya kwamba akibana sana wanaweza kumwacha. Jalia alisema waandikie hivyo hivyo. Kila lori la wakala lilipoenda Arua alilipanda, akapandisha ngazi za ofisi ile, akauliza kama kuna neno. Kama hakuna, alishuka akarudi kazini.

Neno lilipofika, kwamba jopo linakuja Arua, halikufika peke yake. Kabla ya siku ya kuhojiwa, gari safi lilisimama mbele ya kibanda cha wakala Oraba, akashuka Tongun. Huyo ndiye aliyekuwa akiwaandikisha vijana wa West Nile kwa niaba ya kampuni. Ndiye aliyemwandikisha Jalia, na Lokule pia. Alikuwa mcheshi, mwenye kumbukumbu ya majina ya wazazi wa kila mtu.

"Dada Jalia," alisema, "mzee wako hajambo? Nasikia unaenda kuzungumza na watu."

"Naenda."

"Ulitia saini kwamba habari za kazini hazitoki. Unakumbuka?"

"Mwanasheria ameisoma hiyo karatasi. Anasema haizuii mutu kujibu serikali inapomuuliza."

Tongun alitabasamu kwa huzuni, kama mtu anayelazimishwa kusema asichopenda. "Sikiliza. Marehemu ni marehemu. Kampuni imekwisha kusema kosa lilikuwa la mlinzi mmoja, basi limekwisha. Ukianza kusema mafunzo hivi, mlango vile, kampuni itapoteza kazi, na watoto wa hapa watabaki wamekaa. Na wewe mwenyewe, sikio lako likipona kidogo, nilikuwa na nafasi yako. Ofisi, kiyoyozi, hakuna bunduki. Ukienda Arua, hiyo nafasi sitaweza kuishika."

Jalia alikuwa akiitamani nafasi kama hiyo. Alikuwa akiiota. Vumbi la Oraba lilikuwa limemchosha, na alijua kwamba kampuni hizi huambiana majina. Aliyaangalia malori yaliyopanga foleni kuelekea daraja la mpaka, akamgeuzia Tongun sikio zima ili asikose hata neno moja, akasema, "Wewe ndiye ulikuja kumchukua Lokule nyumbani kwake. Ulikula kwa mama yake. Umeenda kumwona tangu watu waanze kumtukana?"

Tongun aligeuka akaliangalia gari lake.

"Basi mimi nimeenda," alisema Jalia. "Kazi yako, mpe mutu mwingine."

Walikutana Arua, kwenye ukumbi mdogo wa hoteli, madirisha yamefungwa ili kelele za boda zisiingie. Jopo lilileta watu wawili. Mkuu wake alikuwa mama mwenye mvi aliyewahi kuwa hakimu kwao. Mwenzake alikuwa mwanamume mrefu, mtaalamu wa milango, kuta na kamera. Upande wa Uganda alikaa Inspekta Anguyo, ametulia, kofia yake mezani. Mkalimani aliitwa Laku, aliyezoea kutafsiri mahakamani Arua, na alipomsalimia Jalia alimsalimia kama mtu wa nyumbani. Suzan aliketi upande wa sikio lake la kulia.

Mama mwenye mvi alieleza kwanza. Alisema hawakuja kumshitaki mtu. Alisema Jalia anaweza kusimama, kunywa maji, kukataa swali. Alisema yatakayoandikwa yatasomwa kwake kwa Kiswahili, na hakuna litakalobaki ambalo yeye hakulikubali. Kisha akaomba jambo ambalo Jalia hakulitarajia.

"Tuanze tangu ulipoamka siku ile. Sitakukatiza."

Jalia alisimulia. Alianza na kuoga, na mkate, na joto. Alieleza jinsi gari la polisi wa mji, ambalo siku zote husimama kwenye kona, lilikuwa halipo, na siku ya nyuma yake pia halikuwapo. Mtaalamu aliitikia kwa kichwa, akasema hilo wanalijua, polisi walilitoa kwenda kulinda sherehe. Alieleza kwamba kamera ya nje ilikuwa mbovu. Hilo nalo walilijua. Jalia hakuvunjika moyo kwa kuambiwa hivyo. Kinyume chake alijisikia nafuu, kwamba hawa ni watu waliofanya kazi. Akaendelea mpaka risasi, mpaka lango la magari kufungwa.

"Halafu?"

"Halafu Lokule alifungulia watu."

Laku alitafsiri. Mama mwenye mvi aliinua macho. Alivuta karatasi kutoka kwenye jalada lake, akaisoma, akaongea na mwenzake kwa lugha yao, kisha akamwomba Laku aeleze. Kwenye maelezo ya hospitalini, Laku alisema, imeandikwa kwamba Lokule aliwafungulia "wale watu". Kwa kuwa swali lilihusu mlango waliopitia washambuliaji, waliosoma walielewa ni washambuliaji.

Jalia aliangalia karatasi ile kwa mbali. Alijisikia kama mtu aliyeambiwa kwamba kwa miezi yote hiyo alikuwa amelikalia kaburi la rafiki yake.

"Hakuna mutu aliniuliza watu gani," alisema.

Yule mama aliweka kalamu chini. "Nakuuliza mimi sasa. Watu gani?"

Jalia alijibu polepole, na Laku alitafsiri polepole. Alisema ni watu wa foleni. Alimtaja mwanamke mjamzito aliyekuwa amempekua dakika chache tu kabla na kumwambia arudi nyuma akangoje zamu. Alimtaja baba mwenye mtoto begani. Alimtaja muuza chai. Mtaalamu aliuliza kama muuza chai amewahi kuhojiwa na polisi wa mji. Jalia alisema hajui. Mtaalamu akafungua laptopu, akaweka picha za kamera ya ndani. Hazikuwa na sauti. Mgongo mpana wa Lokule ulionekana, na mkono wake kwenye komeo, kisha mlango ukafunguka na kiwingu cha watu kikajaza kioo mpaka huwezi kujua nani ni nani. Jalia aliomba isimamishwe. Akaonyesha kwa kidole kisigino cheupe, kisicho na kiatu, kilichokuwa kikivuka kizingiti.

"Huyu," alisema. "Muuza chai ni huyu."

Walipumzika. Suzan alimletea maji. Waliporudi, mama mwenye mvi alizungumza kwa sauti ile ile, wala hakuificha dhamira ya swali lake.

"Bi Jalia, wafanyakazi wetu wawili walikufa. Waliowaua walipita kwenye mlango huo. Unalijua hilo?"

"Nalijua. Mimi mwenyewe niliwaona wakipita."

"Amri ilikuwa asifungue."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo alivunja amri."

Suzan alitaka kusema kitu. Jalia alimzuia kwa mkono. Alimfikiria Mama Paska akipalilia mihogo, akafikiri juu ya wale wafanyakazi wawili waliokufa, ambao alikuwa akiwasalimia kila asubuhi, mmoja wao akipenda kumwachia magazeti yenye picha.

"Alivunja," alisema. "Nyinyi andikeni alivunja. Lakini andikeni na sababu. Na andikeni kwamba mlango ule ulikuwa mmoja tu. Walinzi waliomba kuwe na mlango wa pili ndani, mutu akiingia ya kwanza ya pili imefungwa. Mkubwa wetu alipeleka ombi hilo. Kama ingekuwapo, Lokule angeingiza watu, na wabaya wangekwama hapo katikati."

"Tumeliona ombi," alisema mtaalamu kwa sauti ndogo. "Lilikataliwa na ofisi yetu."

"Wewe ungefungua?" aliuliza mama mwenye mvi.

Inspekta Anguyo aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Swali hilo Jalia alilijua. Lilikuwa limemjia mara nyingi, na kila mara alilifukuza.

"Sijui," alisema. "Alinitazama. Labda alikuwa anauliza. Mimi sikumwambia fungua na sikumwambia acha. Sijui, mama. Hiyo ni kweli yangu."

Laku alitafsiri. Mama mwenye mvi aliandika mwenyewe jibu hilo, hakumwachia mtu. Mchana ulipoisha, maelezo yote yalisomwa kwa Kiswahili. Jalia aliwasimamisha kila alipoona neno limekaa vibaya. Mahali pamoja palisema Lokule "alikimbilia" mlango. Akasema hapana, hakukimbia, alikuwa amesimama hapo hapo. Likabadilishwa. Ndipo akatia saini.

Walipokuwa wakitoka, Inspekta Anguyo alivaa kofia yake, akamwambia, "Baba yako nilikuwa chini yake zamani, nikiwa kijana mdogo. Nitampigia simu." Hakusema atamwambia nini.

Ripoti ilitoka msimu wa mvua uliofuata. Sehemu yake kubwa ilibaki siri, lakini muhtasari ulitolewa kwa umma, na jopo lilimtumia Suzan sura inayomhusu Lokule, kwa ajili ya familia. Suzan na Jalia walikwenda Midia pamoja. Mama Paska aliwakaribisha kwa adabu ya kawaida, akawapa viti, akawapa karanga. Bado hakumtazama Jalia usoni.

Suzan alisoma kwa Kiingereza kisha akaeleza kwa Kiswahili. Jopo lilisema kosa kubwa lilikuwa kuondolewa kwa ulinzi wa nje bila ubalozi kupewa taarifa, na kukataliwa kwa mlango wa pili. Lilisema mafunzo ya walinzi yalitolewa kwa lugha ambayo baadhi yao hawakuielewa vizuri. Lilisema muuza chai alitafutwa, akapatikana, akaeleza. Mwanamke mjamzito naye alipatikana, akiwa na mtoto wake mikononi. Hakukuwa na ushahidi wowote kwamba mlinzi Lokule alishirikiana na washambuliaji. Alifungua mlango kinyume cha amri, kwa lengo la kuokoa raia, na alikufa akijaribu kuufunga.

"Soma tena hapo," alisema Mama Paska.

"Alifungua mlango kinyume cha amri," Suzan alirudia.

Mama Paska alitafuna karanga moja, polepole. Ndani ya nyumba kuku alikuwa akipiga kelele, hakuna aliyeinuka kumfukuza.

"Hao wawili waliokufa ndani," alisema mwishoni. "Wana mama?"

"Mmoja ana mama," Suzan alijibu. "Mwingine aliacha mke."

"Mnaweza kuwapelekea neno?"

"Kupitia jopo, nadhani inawezekana."

"Basi mwandike. Sema mimi ni mama wa aliyefungua. Sema ninawalilia." Kisha, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mihogo, alimgeukia Jalia. "Wewe ulikataa neno langu."

"Nilikataa, mama."

"Ulikuwa sawa. Ilinichoma, lakini ulikuwa sawa." Alimsogezea sahani ya karanga. "Kula. Umekonda."

Jumapili iliyofuata sura ile ilisomwa kanisani Midia baada ya ibada, yote, hata mstari wa kuvunja amri. Mama Paska ndiye aliyetaka isipunguzwe. Jalia, binti wa Kiislamu, alisimama mlangoni pamoja na wanawake wenye watoto wachanga. Si watu wote waliokuja kumpa Mama Paska mkono baadaye. Baadhi walitoka kwa upande wa pili wakiangalia chini. Lakini waliokuja walikuwa wengi, na redio ya Arua ilipopelekewa muhtasari na Suzan, mtangazaji yule yule alilazimika kuusoma.

Kampuni haikumpigia Jalia simu tena, wala kampuni nyingine. Alikuwa ameshalijua hilo tangu siku ya gari safi. Aliendelea na kazi yake Oraba, akabishana na madereva, akapanda juu ya mizigo, akashuka.

Kabla mwaka haujaisha, mzee mmoja wa Dranya na mkewe walimfuata pale mpakani. Binti yao alikuwa mlinzi kwenye nchi nyingine, kwenye nyumba ya balozi, na alikuwa amekufa. Waliletewa mwili na maneno mawili tu: ajali kazini. Walisikia kuna dada Oraba anayejua kuuliza.

Jalia aliwakalisha kwenye benchi la wakala, akawaagizia chai. Aliuliza binti yao aliitwa nani, alikuwa amesimama wapi, ni nani waliokuwa naye zamu. Walipomaliza kueleza, alimwomba bosi wake ruhusa ya siku moja, akatafuta lori linalokwenda Arua lenye nafasi ya watu watatu mbele, akamsaidia yule mama kupanda kwanza.